Kipande cha Nne cha Bomba la Saba

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye karatasi za mkataba tu. Pale chuoni, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkuu wa idara, walimwita Jicho, naye alishazoea kiasi kwamba siku moja zahanati walipomwita kwa jina lake kamili alikaa kimya kwenye benchi mpaka mtu wa pembeni akamgusa bega.

Kazi yake ilikuwa kuokota. Ukiwauliza wenye ofisi za juu, zile za madirisha, wangekwambia Jicho ni fundi wa maabara, lakini yeye alikuwa akijibu, "Mimi naokota," na watu wakacheka wakidhani anatania. Kila asubuhi alishuka ngazi kumi na nane mpaka chumba cha chini kabisa cha jengo, akafunga mlango ili vumbi lisiingie, akawasha taa ya hadubini na kuinama. Hapo palikuwa na trei ndogo nyeusi, na juu ya trei kilichoonekana kama mchanga mweupe. Haukuwa mchanga. Vilikuwa vigamba vya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi, ambao zamani sana walielea baharini, wakafa, wakazama mpaka kwenye giza la sakafu ya bahari. Kwa brashi yenye nywele mbili tu, aliyoilowesha kwenye ncha ya ulimi ingawa walimkataza, aliokota kigamba kimoja kimoja akakipanga kwenye kadi yenye vyumba vya mraba. Mia tatu kwa kila sampuli. Mgongo ukiuma, alisimama, akajinyoosha, akatazama ukuta, akaketi tena. Dirisha halikuwepo.

Mambo yote yalikuwa kwenye msokoto. Kuna aina moja ya viumbe hao ambayo maji yakiwa baridi, wengi wao hujisokota kuelekea kushoto. Yakiwa na joto kidogo, wengi hujisokota kulia. Na tope la baharini hutuama polepole mno, unene wa kidole kwa miaka elfu nzima. Ukichomeka bomba refu kwenye sakafu ya bahari ukalivuta, unapata tope lililopangana vizuri, la kale chini, la karibuni juu. Hesabu vya kushoto na vya kulia kuanzia chini kwenda juu, utajua bahari ilipoa lini na ikapata joto lini, huko nyuma ambako hapakuwa na mtu wa kuandika chochote.

Jicho hakuyasomea hayo. Miaka kumi na tisa nyuma aliingia pale na ndoo na ufagio. Alikuwa akipangusa meza ya Profesa, hadubini imeachwa wazi, akachungulia. Profesa aliporudi na chai yake alimkuta ameinama.

"Samahani, Profesa," alisema akirudi nyuma. "Mbona vingine vimezungukia huku na vingine kule?"

Profesa alikuwa na wanafunzi watatu ambao alikuwa akiwafundisha jambo hilo tangu mwanzo wa muhula, na mmoja bado alikuwa akichanganya. Aliweka kikombe chini, akavuta kiti. Kabla ya mwaka kwisha ufagio ulikwenda kwa mtu mwingine, naye akapewa brashi na hilo jina.

Ilikuwa bahati, na kwa miaka mitano ya mwanzo aliihesabu kuwa bahati. Baadaye aligundua kwamba mlango alioingilia haukuwa na kitasa kwa ndani. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba aliyeusaini alikuwa Profesa. Alipoomba kwenda kusoma cheti cha ufundi wa maabara, fomu ilihitaji sahihi ya Profesa. Alipoomba kuhamia kwenye jumba la maonyesho, kazi ya kuwazungusha wageni na kuona jua, fomu ilihitaji sahihi ile ile. Mara zote mbili Profesa alimkaribisha kiti, akamuulizia hali ya nyumbani, akazungumza naye kwa upole mpaka akaona aibu kuwa aliomba.

"Nikikuachia wewe nitafunga maabara," alimwambia. "Subiri kidogo. Tutaona mwakani."

Nyumbani nako palikuwa na subira zake. Mumewe alikwenda nchi nyingine kufanya kazi ya ujenzi, kwa miaka miwili walivyokubaliana, na sasa ulikuwa wa kumi na moja. Hakumwacha na wala hakumwita. Alipiga simu kama mtu anayekumbuka kuzima jiko: anaanza kwa wasiwasi, akihakikisha hakuna kinachoungua anakata. Alichomwachia ni vyumba viwili ghorofa ya tatu, na mama yake mzazi.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani enzi zake. Nyonga ilipomharibikia alihamia kwenye kiti cha dirishani, na kutoka hapo aliendesha mtaa mzima kwa macho. Alijua nani kanunua viatu vipya na nani kanuniana na nani. Ngazi zilimshinda, kwa hiyo hakuwa ameshuka chini tangu mwaka juzi. Jicho ndiye aliyemwogesha, akampikia, akamsuka, na usiku alilala mlango ukiwa wazi ili amsikie. Walipendana kwa namna yao, ya kuchokozana.

"Ukiondoka wewe," mama mkwe alipenda kusema, "mimi nitabaki na nani? Na cherehani? Hata yenyewe ina kutu."

Alisema akicheka, lakini alilisema mara nyingi mno.

Mwaka ule Profesa alikuwa anastaafu. Atakayeshika nafasi yake alikuwa ameshafika, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye haraka, ambaye watu wote walimwita Dokta. Kwenye ukuta wa ngazi, pale ambapo Jicho alipita kila siku, palikuwa na mchoro mkubwa ndani ya fremu: mstari unaopanda polepole kama mlima mrefu, kisha unaporomoka ghafla. Ulikuwa mchoro wa Profesa, uliomfanya aitwe kwenye mikutano ya mbali. Katika bahari nyingine zote baridi ilikuja taratibu na joto likarudi kwa haraka. Kwenye bahari ile moja, alionyesha Profesa, mambo yalikwenda kinyume: joto lilipanda polepole kwa miaka maelfu kwa maelfu, kisha bahari ikaanguka kwenye baridi kama mtu aliyetumbukia kisimani. Watu waliandika vitabu kueleza sababu. Mchoro huo ulitoka kwenye bomba la saba, na kila nukta kwenye mstari ule ilikuwa vigamba mia tatu vilivyopita kwenye brashi ya Jicho.

Dokta alishuka chini asubuhi moja na karatasi mkononi.

"Dada Jicho, nisaidie jambo. Wenzetu wametoa bomba jingine kwenye bahari ile ile, siku mbili tu za meli kutoka la kwetu. Matokeo yao hayafanani na ya Profesa hata kidogo. Yao yanafanana na ya bahari nyingine zote."

"Labda wamehesabu vibaya."

"Labda. Naomba unihesabie upya kipande cha nne cha bomba la saba. Tumia ile nusu ya akiba, ambayo haijaguswa."

Mabomba hukatwa vipande vya mita moja na nusu ili yabebeke, kisha kila kipande hupasuliwa kwa urefu kama muwa: nusu ya kufanyia kazi na nusu ya kuhifadhi. Nusu ya kazi ya kipande cha nne ilikuwa imekwisha kwa kuchokolewa. Jicho alivaa sweta na koti juu yake, akaingia kwenye ghala la baridi, akalivuta sanduku kutoka rafu ya chini. Plastiki ilikuwa haijafunguliwa tangu siku ya kwanza. Aliikata kwa kiwembe, akainua taa.

Tope lilikuwa la kijivu na kijani, na harufu yake ya yai bovu alikuwa haioni tena kuwa mbaya. Katikati palikuwa na ukanda wa mchanga, upana wa vidole viwili. Aliukumbuka. Kwenye nusu ya kazi Profesa aliuruka, akasema mchanga ule umeporomoka kutoka miteremkoni na hauna faida kwao, na mwanafunzi mmoja akauchota wote kwenda nao kwenye mazoezi. Jicho hakuwahi kuutazama vizuri. Sasa aliutazama.

Ukichota maji yenye mchanga kwenye ndoo ukayaacha yatulie, punje nzito hushuka kwanza na nyepesi huja juu yake. Hakuna bahari inayofanya vinginevyo. Kwenye ukanda ule punje kubwa zilikuwa juu, na zilizidi kuwa laini kadiri zilivyokwenda chini.

Alikaa pale akiuangalia mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akageuza bomba lenyewe kutazama kwa nje. Mshale ulikuwepo, wa kuonyesha upande wa juu, na kando yake namba. Wino wa mshale ulikuwa mweusi kuliko wino wa maandishi mengine. Namba ile ya nne, yenye mkia uliopinda, ilikuwa mwandiko wake.

Ndipo siku ile ikamrudia. Wiki yake ya pili na ufagio. Lori lilileta masanduku, lifti imeharibika, na kila mwenye mikono miwili aliitwa kubeba. Kwenye ngazi mwanamume aliyekuwa mbele yake aliteleza, bomba likaanguka, vifuniko vyote viwili vikatoka, cha bluu na cheusi. Tope halikumwagika. Yule mtu alimwambia, "Funika haraka kabla hawajaona." Alifunika. Mshale ulikuwa umefutika kwa maji, naye akauchora upya kuelekea kwenye kifuniko cha bluu, kwa kuwa alishaona mabomba mengine yako hivyo, akaandika na namba. Alijiona amefanya la maana. Kifuniko kipi kilitoka upande gani, hilo hakujiuliza; kwake vilikuwa vifuniko tu.

Alihesabu hata hivyo. Ilimchukua siku nane. Ukisoma kadi zile kwa mshale ulivyoonyesha, mlima wa Profesa ulitokea vile vile ulivyokuwa ukutani. Ukizigeuza, bahari ile ilikuwa kama bahari nyingine yoyote.

Kwa siku nane hizo hakula vizuri. Mama mkwe alimtazama akisukuma chakula pembeni.

"Kuna nini huko shimoni kwenu?"

Jicho alimweleza. Alitumia mkate kuonyesha, akaugeuza juu chini mezani. Mama mkwe alielewa haraka kuliko wanafunzi wengi.

"Umeweka kitambaa ndani nje."

"Ndiyo, Mama. Na watu wamekivaa miaka kumi na tisa."

"Na aliyewavalisha ni yule mwenye kusaini." Mama mkwe alitazama nje, chini kwenye duka la kona, kwa muda. "Nyamaza. Mwache aende zake astaafu. Wewe umri huo utapata kazi gani? Na mimi hapa unanipeleka wapi? Sisemi kwa ubaya, mwanangu. Nakuambia tulivyo."

Hakuwa amekosea. Jicho aliosha vyombo huku akizipitia njia zote moja moja. Akisema, anamwangusha mtu aliyemtoa kwenye ndoo, na kujimaliza mwenyewe. Akinyamaza, ataendelea kushuka zile ngazi kumi na nane akipita mbele ya ule mchoro kila siku. Akidanganya hesabu, atakuwa ameharibu kitu kimoja tu alichojua kukifanya kuliko watu wote. Hakuona upande wa kutokea.

Siku ya tisa alipanda kwa Profesa. Alimkuta akipanga vitabu kwenye maboksi, mikono ya shati imekunjwa. Jicho aliweka kadi mezani, akasimama.

"Profesa, kipande cha nne kiko juu chini. Nilikigeuza mimi, siku lori lilipokuja. Nimeuona ule mchanga."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa kucheka, au kwa kuombwa aeleze tena polepole. Profesa hakufanya hata kimoja. Aliketi juu ya boksi, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mama mkwe wangu."

Profesa alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwishia. Hakuuliza lolote juu ya mchanga, na hapo Jicho alielewa jambo ambalo hakuja kulitafuta.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Mwaka wa saba. Nilipata picha za siku tulipolipasua. Mchanga ulionekana wazi." Alizungumza akitazama miwani. "Vitabu vilikuwa vimeshatoka. Watu wawili walikuwa wamepata shahada zao juu ya mchoro ule. Nikasema nitalisahihisha muhula ujao. Halafu ukaja muhula mwingine. Jicho, sikulala vizuri tangu hapo, kama inakusaidia kujua."

Haikumsaidia. Alikuwa akihesabu kichwani, kwa kuwa kuhesabu ndiko alikokuzoea. Fomu ya cheti aliiomba mwaka wa nane. Ile ya jumba la maonyesho, mwaka wa kumi na mbili.

"Ndiyo maana hukunisainia? Uliogopa mwingine akishika brashi atauona?"

Profesa alivaa miwani yake.

"Nilikuhitaji pia," alisema. "Hilo lilikuwa kweli."

"Pia," alisema Jicho.

Alichukua kadi zake mezani, zote, akazipanga sawa kama karata. Mlangoni Profesa alimwita, si kwa jina la Jicho, kwa lile la kwenye mkataba. Alisimama bila kugeuka.

"Unaweza kungoja mpaka sherehe ya kuniaga ipite? Ni wiki tatu."

"Dokta ananisubiri leo," alisema, akashuka.

Kwenye karatasi ya hesabu kuna nafasi ya maelezo ambayo kwa miaka yote alikuwa akiiacha wazi. Aliandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa ili zisomeke: kwamba kipande kimegeuzwa, kwamba ushahidi ni ukanda wa mchanga, kwamba aliyekifunika vibaya ni yeye, na tarehe. Alichoambiwa juu ya picha za zamani hakukiandika. Alilifikiria hilo mpaka kalamu ikaacha doa, akaamua kuwa hilo ni la Profesa kulibeba au kulitua.

Dokta alisoma amesimama. Akakaa, akasoma tena.

"Unajua maana ya hii?"

"Najua. Ndiyo maana nimeandika."

Mambo hayakwenda alivyoogopa, wala hayakwenda kama anavyosimulia mama mkwe kwa majirani. Siku nne baadaye Profesa mwenyewe alituma barua kwa wenzake wote, fupi, akieleza kosa na miaka aliyolijua. Sherehe ilifanyika na watu walikuwa nusu. Mchoro ulishushwa ukutani, pakabaki mraba uliong'aa kuliko rangi iliyouzunguka. Profesa alipokuja kumuaga Jicho alimpa mkono, naye akaupokea. Hajamwona tangu hapo.

Kamati ilikaa. Walimuuliza maswali kwa saa mbili, mengi akijibu, "Nilikuwa mfagiaji, hakuna aliyeniambia vifuniko vina maana gani," na kila alipolisema hilo wazee wa kamati walitazama karatasi zao. Hawakumfukuza. Ila waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, ni vipande vingapi vingine vilipita ngazini siku ile. Hakuna aliyejua. Mabomba yalikuwa arobaini na mawili. Ikaamriwa yote yafunguliwe, kipande kwa kipande, na aliyeweza kazi hiyo alikuwa mtu mmoja. Dokta alimletea mkataba wa miaka miwili. Fomu ya cheti nayo aliileta, imeshasainiwa, na nafasi ya tarehe ya kuanza ikiwa wazi.

"Ukimaliza mabomba tu," alimwambia. "Nakuahidi."

Jicho alimwamini. Alikuwa amewahi kuamini hivyo hivyo, na hilo pia alilijua.

Sahihisho lilipochapishwa jina lake lilikuwa la tatu, jina kamili. Alilipeleka nyumbani. Mama mkwe aliweka miwani, akapitisha kidole juu ya lile jina herufi kwa herufi, kisha akauliza kama sasa watapata nyumba ya chini isiyo na ngazi. Jicho alisema hapana. "Basi lete kiwembe," alisema mama mkwe, akalikata lile jina vizuri kama anavyokata pindo, akalibandika kwenye kioo cha dirisha, likitazama nje mtaani, ingawa kutoka ghorofa ya tatu hakuna awezaye kulisoma.

Mumewe alipopiga simu mwezi huo, Jicho hakumweleza. Alimwambia mama yuko salama.

Sasa yuko kwenye bomba la kumi na tisa. Anavaa sweta, anaingia kwenye ghala, anavuta sanduku, anaikata plastiki, na kabla hajainua taa anapitisha kidole juu ya mshale, kila mara. Kisha anainua. Mpaka hapo mishale mingine yote iko sawa. Anafunika, anaandika namba, anasukuma sanduku ndani na kuvuta linalofuata.